Gurudumu la Mtu Mwenye Mwili

Siku hiyo haijanitoka kichwani, mwanangu. Tulikuwa tunapanda kutoka mtoni, mimi na nyanya yangu, tukiwa na viazi vitamu mgongoni, na mjomba wako Kariuki alikuwa anateremka upande wetu juu ya baiskeli yake ya mashindano. Nitafika hapo. Kwanza nikuambie kwa nini nimekwambia uzime simu na ukae.

Jana nilikusikia ukiongea na mwenye duka la Nairobi kuhusu magurudumu mapya ya baiskeli yako. Alikuuliza uzito wako, nawe ukajibu kilo themanini bila kupepesa macho. Mwanangu, mimi ndiye niliyekubeba. Themanini uliiacha nyuma ukiwa bado sekondari. Sikucheki, hata mimi benchi la kanisa hulia nikikaa. Lakini najua kila Jumamosi wewe na wenzako mnakwenda hadi Naro Moru na kurudi, naijua miteremko ya njia hiyo, na tangu jana nina hofu.

Wewe ulipewa jina la mjomba wako, na pamoja na jina ukapewa mabega yake. Wewe ni mtoto wangu wa ngapi sitasema, maana unajua kwetu watoto hawahesabiwi. Wazee walisema ukihesabu watu unawaita wapungue. Nyanya yangu alilishika neno hilo kuliko wenzake wote, akaliongezea na lake: mtu pia hapimwi. Gunia ndilo hupimwa, mbuzi wa kuuza hupimwa, lakini mtu ni wa Mungu. Hata kliniki ya watoto aligombana nayo. Kwa hiyo Kariuki alikua, akapanuka kama mlango wa ghala, na hakuna aliyejua ana kilo ngapi, yeye mwenyewe akiwemo.

Kazi yake ilikuwa kubeba mizigo ya wageni wanaopanda Mlima Kenya, kule Naro Moru. Cha ajabu ni kwamba kila begi lilipimwa kabla ya kulibeba, lisizidi kipimo, na yeye alikuwa hodari wa kukadiria begi kwa mkono mmoja. Mgeni mmoja mwembamba, alipokuwa anarudi kwao, alimwachia baiskeli. Ilikuwa nyepesi mno, na usukani wake umepinda kama pembe za kondoo dume. Kariuki aliipenda hadi tukaona haya kwa niaba yake. Akawa anaiendesha kutoka hapa Giakanja hadi kazini, na haukupita muda gurudumu la nyuma likapinda.

Alilipeleka mjini Nyeri kwa fundi aliyeitwa Wekesa, mtu wa magharibi, mpole, asiyependa maneno mengi. Nilikwenda naye, kwa hiyo hili sikuhadithiwa. Wekesa alitundika magurudumu mawili ukutani. Moja lilikuwa na spoku nyingi, zile njiti nyembamba za chuma, zimepishana kama kikapu, na rimu pana, ile pete ya nje, isiyo na urembo wowote. La pili lilikuwa na spoku chache zilizonyooka, linang'aa, ukilipuliza linazunguka lenyewe. Kipendacho roho hula nyama mbichi. Kariuki aliweka mkono juu ya lile la kung'aa kabla hata ya kuambiwa bei.

Wekesa akamwambia, "Hiyo ni ya mtu mwepesi. Wewe uko na kilo ngapi?"

Kariuki akajibu kwamba kwetu watu hawapimwi. Wateja wengine walicheka, naye akakaza shingo. Wekesa alirudia kwamba nyuma ndiko mwili unakokaa, kwa hiyo spoku za nyuma ndizo hubeba mtu, na zikiwa chache kila moja inabeba zaidi ya haki yake. Kariuki akasema lile la spoku nyingi ni gurudumu la wauza mkaa. Mwishowe fundi aliinua mabega, akamfungia alilochagua.

Lilianza kuongea wiki zile zile. Ting, spoku moja inakatika karibu na katikati ya gurudumu. Anaweka mpya, inakatika jirani yake. Gurudumu la namna hiyo halikatiki kwa bahati mbaya, mwanangu, linakuambia limechoka. Yeye alisema ni mashimo ya barabara.

Sasa turudi pale mtoni. Alituona, akainua mkono kutusalimu. Nikasikia ting, halafu nyingine, halafu sauti kama ya kuni kavu zikivunjwa kwenye goti. Gurudumu la nyuma lilijikunja, na kaka yangu akaruka juu ya ule usukani wa pembe za kondoo, akaangukia mtaroni. Nyanya alitupa viazi vyake vyote barabarani. Sijawahi tena kumwona mzee akikimbia hivyo.

Mfupa wa bega ulivunjika, na nyonga pia. Alilala hospitali ya Nyeri hadi msimu wa wageni ukaisha, na nafasi yake Naro Moru ikachukuliwa na mwingine. Aliporudi nyumbani alichechemea, na alichechemea hadi tulipomzika. Lakini lililoniumiza zaidi ni kwamba hakutaka kutoka nje. Alisema mwili wake ni aibu, tena alisema hivyo mbele ya nyanya.

Asubuhi iliyofuata, siku ya kupeleka kahawa, nyanya alimwambia avae viatu. Tulikwenda watatu polepole hadi kiwanda cha kahawa, Kariuki na fimbo yake, na watu wamejaa foleni na magunia yao. Nyanya akapita mbele ya wote, akamwonyesha mjukuu wake bamba la mizani na kumwambia apande. Karani alimjua nyanya na msimamo wake. Akauliza kama ana uhakika.

Nyanya akasema, "Hatuhesabu watu ili wasipungue. Huyu amekaribia kupungua kwa sababu sikukubali apimwe. Mpime, na useme kwa sauti."

Karani akasogeza mawe ya mizani, akasema, "Mia moja na kumi na nane."

Kariuki alikuwa anatazama chini. Nyanya akapiga makofi mara moja, akasema, "Asante Mungu. Mwili wake uko wote."

Mimi nililia pale pale. Bega lilipopona, Kariuki alirudi kwa Wekesa, akataja namba yake kabla ya kuulizwa. Akafungiwa lile la spoku nyingi na tairi pana kidogo, akaambiwa alirudishe baada ya safari za kwanza ili spoku zikazwe upya. Alilirudisha. Gurudumu lile lilimtumikia hadi mvi zikamtoka, na liko ghalani, limetundikwa juu ya majembe. Kalizungushe uone kama linayumba.

Basi sikia, mwanangu. Mficha uchi hazai. Mwenye duka hakuulizi uzito ili akucheke, anauliza ili urudi nyumbani salama. Mpe namba ya kweli, kisha umwongezee uzito wa baiskeli, maji na hicho kikoba chako, maana barabara haibagui mzigo. Usilibanie gurudumu la nyuma spoku. Zikiwa thelathini na mbili ni sawa, thelathini na sita ni bora kwa mtu wa mabega yenu. Chukua rimu imara na tairi pana, usiijaze upepo hadi iwe jiwe. Spoku ikikatika, peleka kwa fundi, na ya pili ikikatika usitafute visingizio. Wenzako wakikutangulia kwenye mlima, waache, watakusubiri juu. Wepesi wa gurudumu lisilo lako ni mzigo utakaobebwa na mama yako hospitalini.

Kesho tutakwenda kiwandani wewe na mimi. Mizani ya siku hizi ina namba nyekundu zinazoonekana hadi barabarani, na foleni itakuwepo. Nitapanda mimi kwanza. Namba yangu ikitokea nitamshukuru Mungu kwa sauti, wasikie wote, halafu nitakushika mkono upande wewe.

Mungu akupe milima, akupe na breki. Akutangulie kwenye kila mteremko. Mwili niliokuzaa nao uende na urudi, na kila ukirudi nikute uko wote.