Askari wa Mwili wa Mama

Mama yangu anafagia boma lake pale Kisian asubuhi na jioni. Ukidondosha uzi mmoja ataukuta, na atakuuliza kama kwako huna pa kuutupa. Sehemu moja tu alikuwa hafagii: kaburi la baba, kando ya nyumba. Nyasi zilinifika magotini, na mimi ndiye niliyezing'oa kila Krismasi nikitoka mjini, huku nikinung'unika. Nikimuuliza mbona, anasema mgongo. Mgongo gani huo unaoweza boma zima na kushindwa na kaburi? Sikuelewa, nikaacha.

Usafi huohuo ndio uliomletea kidonda. Ana jiwe lake jeusi la ziwani, la kusugulia nyayo. Siku moja alisugua, akasugua, mpaka nyama ikatoka chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia, na hakusikia chochote. Aliona tu maji ya karai yamekuwa mekundu. Sukari anayo miaka mingi, na nilijua kwamba sukari hutia miguu ganzi. Lakini kujichuna kama kiazi bila kujua? Hilo lilinishinda.

Nikamleta kwangu mjini, mtaa wa Nyalenda, awe karibu na kliniki. Mimi ni fundi wa nguo, cherehani yangu iko mlangoni, kwa hivyo kutwa nzima tulikuwa tunatazamana, yeye na mguu wake juu ya stuli, mimi na sare za shule za watu. Aliacha chai ya sukari. Akapunguza ugali, jambo ambalo kwa mama ni sawa na kuhama kanisa. Dawa alimeza. Sukari ikashuka vizuri, kila kipimo kizuri, na kidonda kikabaki pale pale kikinitazama. Nilikasirika. Kama shida ni sukari na sukari imeshuka, sasa hiki kinangoja nini?

Nilimuuliza hivyo hivyo daktari wa vidonda. Ni mama mmoja Mwislamu wa hapa mjini, mpole, mkono mwepesi, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Alichukua kalamu akachora duara nyuma ya boksi la glavu.

"Damu ina chembe nyeupe," akasema. "Tuziite askari wa mwili. Ukiumia wanakimbilia pale, wanaua viini, wanakula uchafu. Kazi hiyo ikiisha, wanafaa kubadilika: waache vita, waite mafundi wajenge nyama mpya. Kwa mtu wa sukari, wengi wanakwama. Hawajui vita vimeisha. Wanaendelea kupiga, na kile fundi anachojenga wanabomoa."

"Kwa hivyo askari ni wachache."

"Hapana, si uchache."

"Basi ni wengi."

"Pale kwenye kidonda, mara nyingi wamezidi."

"Sasa kama askari wamezidi, mbona kidonda hakiponi?"

Akanitazama kwa huruma. "Ndiyo hiyo nimekueleza."

Yawa! Nilitazama lile duara, nikatazama mguu. Maisha yangu yote nimesikia tuongeze kinga, tunywe hiki, tutafune kile, askari wawe wengi. Leo naambiwa askari wenyewe ndio wanaobomoa nyumba. Niliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi anayeogopa kuulizwa swali la pili.

"Muhimu," daktari akasema, "asikanyagie huu mguu, na aje kila siku ya tatu tukisafishe kidonda. Akiacha kuja, uchafu utaingia kwenye mfupa, na hapo tutaanza kuongea habari ya kukata."

Mama anajua Kiswahili cha sokoni, lakini cha hospitali hakiamini. Akanivuta mkono. "Anasema nini?"

Hapa ndipo nilipokosea, na sitajitetea. Kichwa kilikuwa kimejaa, na nyumbani kulikuwa na sare sita zinaningoja. Nikafupisha. Nikamwambia kwa Dholuo kwamba *jolweny*, askari wa mwili wake, hawafanyi kazi vizuri.

Mama akauachia mkono wangu. "Tangu lini?"

"Ni ugonjwa wa zamani, mama. Umekuwa ukiwaharibu pole pole bila wewe kujua."

"Na unapona?"

"Kupona kabisa hapana. Lakini ukifuata dawa na kliniki bila kukosa, utaishi vizuri tu."

Akakunja leso yake mara nne na hakuuliza tena. Nilijisifu moyoni kwamba nimeeleza vizuri.

Kuanzia wiki hiyo sikumtambua mama yangu. Kikombe chake alikifunga uzi mwekundu niliokuwa nimeutupa chini ya cherehani. Binti yangu wa miaka minne alikuwa amezoea kumkata nyanya kucha, ni mchezo wao, sasa akawa anafukuzwa. Nikitaka kumbadilishia bandeji, anataka kwanza nivae glavu. Nikivaa, analia. Nisipovaa, anavuta mguu. Nikasema labda ni uzee, labda amenichoka, labda amekumbuka boma lake. Jioni moja, bila kitu chochote cha kuanzia, akaniuliza kama nakumbuka jinsi baba alivyokuwa anakohoa.

"Nakumbuka," nikasema. Nilikuwa darasa la sita baba alipofariki. Tuliambiwa ni kifua.

"Haya," akasema, akageukia ukuta.

Halafu akakataa kliniki. Kwanza ilikuwa mvua, kisha kichwa, kisha eti yule daktari anamwangalia vibaya. Nilibembeleza, nikafoka, na mwisho, kwa ule mdomo wangu usio na breki, nikamwambia mbele ya mteja: "Mama, mficha maradhi kifo humuumbua!" Nilimaanisha kidonda. Yeye aliniangalia kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Mteja akachukua sketi yake akaondoka.

Siku chache baadaye nilisikia harufu. Nililazimisha, nikafungua bandeji: kidole gumba kilikuwa cheusi pembeni na usaha unatoka. Nikapiga kelele kwamba twende sasa hivi, na nikaanza kutupa vitu vyake mkobani. Ndani ya mkoba, chini ya Biblia, nikakuta wembe mmoja umefungwa kwa kitambaa, tena kwenye karatasi, na juu ya karatasi ameandika kwa mwandiko wake wa kanisani: *Wangu. Mtu asiguse.*

"Hii ni nini?"

"Unajua."

"Sijui, mama! Mimi tangu mwezi uanze sijui kitu! Niambie!"

Akasema neno moja, polepole, kama anayeweka chungu chini. "*Ayaki*."

Ukimwi. Nilikaa sakafuni.

Wacha nikueleze, kama hukukulia ufuo huu wetu. Miaka ile tulipokuwa tunazika kila Jumamosi, kwenye baraza za chifu, kanisani, redioni, shuleni, somo lilikuwa moja: kirusi kinakula askari wa mwili. Mimi mwenyewe niliwachora hao askari darasani, na bunduki zao, nikapewa alama nzuri. Kwa watu wa umri wa mama, askari wa mwili hawana ugonjwa mwingine. Nami nilikuwa nimemwambia wameharibika, ni ugonjwa wa zamani, hauponi, afuate dawa na kliniki. Hata mshauri wa kliniki ile nyingine, ya Ukimwi, asingeyapanga vizuri zaidi.

"Mama, ni sukari! Tulikuwa tunaongea sukari!"

"Sukari ilishuka. Wewe mwenyewe ulifurahi. Sasa kama si sukari, ni nini?"

Hilo swali lilikuwa langu. Ndilo nililomuuliza daktari.

Kliniki walimpima siku hiyohiyo. Hana. Walimpima tena kwa njia nyingine. Hana. Nilimkumbatia, lakini alikaa kama gogo. Daktari alikuwa tayari ameinama juu ya mguu, na aliponyanyuka hakuwa anatabasamu. Uchafu ulikuwa umefika mfupani. Kidole kitoke upesi, akasema, la sivyo tutaupoteza mguu wote.

Walikikata. Mguu ukabaki. Nilipoingia wodini nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha, lakini mama alikuwa wa kwanza kusema.

"Baba yako," akasema. "Nilijua *ayaki* ndiyo iliyomuua. Hakuna aliyeniambia. Nilijua tu, jinsi alivyokonda. Na nikajua ameniachia. Niliogopa kwenda kupimwa, nikamchukia badala yake. Miaka yote hii nikifagia, nampita."

"Kwa hivyo baba hakuwa nayo?" nikamuuliza daktari baadaye, kule koridoni.

"Mama hana, hiyo najua. Baba hakupimwa. Huenda alikuwa nayo, huenda ilikuwa kifua tu. Huyo hatuwezi kumjua sasa."



Kabla hatujaruhusiwa, mama alitaka aelezwe upya, safari hii na daktari mwenyewe, na mimi nitafsiri neno kwa neno nisiruke kitu. Nikatafsiri. Wanakuja kusaidia. Vita vinaisha. Hawaambiwi. Wanaendelea kupiga, wanapiga nyama ya nyumbani kwao. Mama alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Hao nawajua," akasema.

Sikutafsiri hilo. Daktari alingoja, kisha akaendelea kufunga bandeji.

Sasa amerudi Kisian. Ana kiatu kile cha kliniki cha kuzuia uzito, na kidonda kimeanza kuwa na nyama nyekundu safi, ambayo daktari anapenda sana kuitazama. Jumapili iliyopita nilifika na unga na dawa, nikakuta uwanja haujafagiwa. Nikazunguka nyumba nikiita, nikamkuta nyuma, amekaa kwenye stuli, mguu mbaya ameunyoosha juu ya kiti kingine kama alivyoagizwa, ameinama anang'oa nyasi za kaburi kwa mkono.

"Mama! Umeambiwa upumzishe mguu!"

"Mguu umepumzika. Si huo kwenye kiti? Ni mikono inafanya kazi."

Nusu ya kaburi ilikuwa tayari imeonekana, udongo mwekundu, na saruji yenye ufa ambayo nilikuwa nimeisahau. Nikapiga magoti ili nimsaidie ile nusu nyingine. Akanipiga kofi mkononi.

"Hapana," akasema. "Acha. Huyu ni wangu."