Tulivyofukua Mfereji wa Litapunga

Nyie mnaokula kwangu pale Kashaulili mmeniuliza mpaka basi. Mama Saidi ulikuwa wapi, mbona mgahawa ulifungwa, mbona umerudi na viganja kama vya fundi ujenzi? Nimechoka kumjibu kila mtu peke yake huku wali unashika chini. Naeleza mara moja, kuanzia kuondoka mpaka kurudi, halafu tumalizane.

Chanzo ni simu ya Daphroza, yule mama wa Litapunga anayeniletea mchele mnaousifia. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye kazaliwa hukuhuku, mpunga anaujua kama mimi ninavyolijua jiko langu. Akanieleza kwamba mvua za kwanza zilinyesha akamwaga mbegu kitaluni, miche ikaota vizuri, halafu mvua zikakata. Miche ikikosa maji inakufa, na mbegu nyingine hana. Mumewe, Nestori, ameshasema neno lake: miche ikifa, shamba anawapa watu wa tofali. Mnawajua watu wa tofali. Wakishachimba udongo wao, yanabaki mashimo, na mpunga hapo hulimi tena mpaka unaingia kaburini.

“Tunafufua mfereji wa zamani, Mama Saidi,” akaniambia. “Tunajitolea, wanakijiji wote. Njoo hata utupikie.”

“Kupika napika kila siku,” nikamjibu. “Mimi nipe jembe.” Mdomo wangu huu utaniua.

Asubuhi ya safari niliazima jembe kwa kaka yangu wa Kasokola, nikapanda pikipiki ya Shaka. Shaka ni mtu mzima, ana mke na watoto, lakini akianza kuongea hazimiki.

“Mama Saidi, unaenda kulima au unaenda kwenye sendofu? Kitenge hicho vumbi litakikomesha.”

“Endesha, Shaka. Kitenge hakikuhusu.”

Lakini alisema kweli. Tulipoacha lami tu, gari la magogo likatupita, na nilipofumbua macho sikuijua rangi ya nguo yangu mwenyewe. Njia nzima ni miombo, mizinga ya nyuki juu ya miti, mahindi machanga yamejikunja kwa jua. Mito midogo tuliyovuka mingine ilikuwa mchanga mtupu. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, maana mjini ukame tunausikia kwenye bei tu.

Mchana tulifika. Nilimkuta Nestori uani ameipindua baiskeli, anafunga mnyororo. Ni mzee mrefu, mkavu, anaongea taratibu na hacheki.

“Karibu shemeji,” akasema. “Na jembe kabisa? Umekuja kwenye mazishi?”

“Astaghafirullah! Nani kafa?”

“Mfereji. Ulishakufa ule, wanamchosha marehemu.”

Daphroza akasonya akaingia jikoni. Mimi nikakaa kwenye kigoda, nikamwambia mzee anieleze, maana mtu hawezi kukataa maji bila sababu. Akanieleza. Ujana wake wote aliuchimba ule mfereji. Kila mwaka wakisafisha pamoja, na kila mwaka maji yakiingia, wenye majaruba ya mpunga ya juu, karibu na banio linaloingiza maji kutoka mtoni, wanayafungulia kwao mchana na usiku. Yeye shamba lake ni la mwisho kabisa. Maji alikuwa anayasikia kwa jina tu.

“Basi sisi wa chini tukaacha kwenda kusafisha. Wao wa juu peke yao hawakuuweza. Mchanga ukajaa, matete yakaota. Sasa wanatuita tena. Mke wangu kaenda. Mimi siendi.”

 Ningekuwa mimi, ningegoma mapema zaidi.

Kesho yake kabla ya kazi Daphroza alinipeleka shambani. Jaruba lilikuwa limepasuka nyufa, mguu unaingia. Pembeni, mahali padogo kama mgahawa wangu, ndipo kilipokuwa kitalu, na miche ncha zake zilikuwa zimeanza kuwa njano. Alikuwa akiinyunyizia maji ya kisima kwa ndoo, ila kisima nacho kilikuwa kimebaki tope. Aling'oa mche mmoja akautazama mzizi, akaurudisha ardhini akaukandamiza kwa kidole.

“Nestori siyo mtu mbaya,” akasema. “Alidanganywa mara nyingi. Mimi nataka nijue tu kama watamdanganya na safari hii.”

Kwenye mfereji tulikuta watu wamejaa. Wenyewe kazi ya namna hiyo wanaiita ikibiri, kwa Kirundi: leo wote kwako, kesho wote kwa mwenzako. Mwenyekiti wao ni Yonasi, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, ambaye jaruba lake ndilo la kwanza kabisa, linapakana na banio. Yaani adui wa Nestori ndiye huyo. Nilimtazama kwa jicho baya, akanipa mkono kwa heshima zote, akatuonyesha kipande chetu. Vipande walivigawa kwa kura, kila kaya na chake, na sisi tuliangukia katikati.

Sasa sikilizeni mtindo wao. Kaya ikichimba kipande chake mpaka mtu mzima akisimama ndani anazama kiunoni, wote wanaacha majembe na kuimba jina la kaya hiyo. Wanaimba kwa sauti nne, hawa ni watu wa kwaya. Ukiwasikia wenzako wanaimbwa na wewe bado uko magotini, roho inauma. Mimi Muislamu wa Kashaulili, sijui hata wimbo wenyewe, lakini nikasema haiwezekani. Nikakunja kitenge, nikamwambia Daphroza, “Chimba! Hapa tunaimbwa leo au nisirudi mjini.”

Tuliimbwa. Na tulipoimbwa hatukuacha, tukaendelea mpaka kifuani, maana jirani zetu nao walikuwa wanatukaribia. Viganja vyangu vilipasuka, mgongo ukakataa kunyooka, na jioni nilikula maharage ya mawese nimeegemea ukuta. Nestori alinitazama, akanisogezea bakuli. Siku zilizofuata mambo yalikuwa hayohayo, matete yanakatwa, mchanga unatoka, majina yanaimbwa. Kitaluni njano ilishuka kutoka kwenye ncha mpaka katikati ya jani.

Siku ya kufungulia maji, Yonasi alitangaza masharti mbele ya wote. Kila kaya ifunge mlango wake wa jaruba kwa udongo, na maji yaende kwanza mpaka mwisho, kwa Daphroza. Wa juu wataendelea kuchota mtoni kwa ndoo. Daphroza akishanywesha kitalu, afunge, apige kelele, na kelele zipande mlango kwa mlango mpaka juu. Mzee mmoja alinung'unika kwamba miche yake nayo inakauka. Yonasi akamjibu, “Hata yangu. Lakini mfereji huu tuliuua sisi wa juu. Tusiuue tena.”

Banio likafunguliwa asubuhi. Sisi tulikuwa kule chini, mimi, Daphroza na mumewe, ambaye alikuja akasimama kando, mikono nyuma. Tukasikia shangwe juu. Tukangoja. Jua likapanda, shangwe zikanyamaza, mfereji mbele yetu mkavu kama barabara. Mchana ukafika. Hakuna kitu.

“Si niliwaambia?” Nestori akasema. Hakupandisha hata sauti. Akachukua jembe la mkewe akaanza kupanda kuelekea juu, hatua ndefu, na Daphroza akanishika mkono. “Twende, Mama Saidi, atampiga Yonasi.”

Tulimfuata mbio. Kila mlango wa jaruba tuliopita umefungwa, na mwenyewe amesimama pale amekunja uso. Hakuna aliyeiba. Tulipofika katikati Nestori akasimama ghafla, nikamgonga mgongoni. Maji yalikuwa pale. Yamejaa kwenye kipande cha Daphroza, kimya, yametulia kama yako kwenye karai, na mbele ya kipande hicho kitako cha mfereji kimepanda kama kizingiti. Na huko juu vivyo hivyo: kila kaya ilikuwa na bwawa lake. Tulikuwa tumechimba kwa kushindana, kila mtu anataka kuimbwa, basi kila kipande kikawa shimo peke yake. Maji yanajaza shimo la huyu, yanapumzika, ndipo yaende kwa mwingine. Na shimo lililoyashinda mengine, refu kuliko yote, lilikuwa la kwetu sisi wawili.

Niliona aibu nikatamani mfereji unimeze. Daphroza alifunika uso kwa khanga. Miche yake inakufa na maji kayazuia mwenyewe, kwa mkono wake, kwa kutaka kuimbwa na mimi nikimchochea!

Nestori akacheka. Mzee yule hacheki, nimeshawaambia, lakini alicheka mpaka akaegemea jembe. “Mke wangu,” akasema, “kumbe mwizi wa maji ni wewe?” Halafu akavua viatu, akaingia kwenye maji, akaanza kurudishia udongo.

Kazi ile ilikuwa ngumu kuliko kuchimba, kwa sababu kila mtu alikuwa anazika sifa zake. Hakuna aliyeimba. Yonasi alifunga banio kwanza, akavuta kamba kutoka kipande kimoja mpaka kingine ili kitako kiende sawa, na walioimbwa sana ndio waliojaza sana. Mimi na Daphroza tulijaza mpaka jua likazama, na kesho yake tukaendelea, na Nestori hakutoka mferejini.

Safari hii maji yalifunguliwa tukiwa tumekaa kimya. Tuliona kwanza majani makavu yanasogea, kisha povu, kisha maji yenyewe, mekundu, yanalamba kingo. Daphroza alifungua mlango wake kwa mikono, akapiga magoti pale kitaluni, maji yakapita katikati ya miche yakizama kwenye nyufa na kutoa vipovu. Alilia. Na mimi nililia, sioni haya. Nestori akavua kofia.

Kitalu kilipolowa vizuri Daphroza akashika jembe kufunga. Nestori akasogea.

“Acha yaingie kidogo tena. Hili jaruba lote lina kiu.”

“Yametosha, Baba Eliya,” akamjibu mumewe.

“Kidogo tu! Miaka yote hii hatujanywa.”

“Yametosha,” akarudia, na akafunga. Kisha akasimama juu ya tuta, akapiga kelele: “Fungueni!” Nestori alimtazama mkewe. Halafu akaweka mikono mdomoni, akaipokea kelele ile kwa sauti ambayo sikujua kama anayo: “Fungueni huko!”

Nilianza safari ya kurudi saa hiyohiyo, kwa miguu kando ya mfereji kuelekea barabara kuu, ambako Shaka alikuwa ananisubiri. Kelele ilikuwa inakwenda mbele yangu, mtu anampa mtu. Kila nilipopita nilikuta mlango umevunjwa sasa hivi, udongo bado mbichi, maji yanaingia.

Kwa Yonasi nilifika mwisho. Alikuwa amechuchumaa ndani ya kitalu chake, maji yamemfika kwenye vifundo vya miguu. Upande mmoja miche ilikuwa imesimama. Upande mwingine ilikuwa imelala, kahawia, imekwisha. Ndoo za mtoni hazikutosha. Na mfereji ulikuwa umepita hapo pembeni yake, unaweza kuunyooshea mkono.

“Pole, mwenyekiti,” nikamwambia. 

“Ahsante, mama.” Akaokota mche uliokufa, akautupa juu ya tuta. “Yamefika kwa Nestori?”

“Yamefika.”

“Alisema nini?”

“Alipiga kelele mfungue.”

Yonasi akainama. Nikadhani analia, kumbe anafukia ufa kwa kiganja. “Basi mwakani atakuja kusafisha,” akasema.

Mimi nilitoka hapa nikidhani kujitolea ni kutoa jasho, ndiyo maana nilibeba jembe kwa mbwembwe. Jasho ni kitu rahisi, jasho hata mimi nililitoa, na nikaharibu nalo. Kigumu alikifanya Yonasi: kusimama na jembe mkononi mbele ya miche yako inayokufa, na kuyaacha maji yapite.