Kisanduku Nilichompa Kaka Nyuzi

Simu ya shemeji ilinikuta studio nikifuta vumbi kwenye mitambo. "Shemeji, kaka yako hajaamka," alisema, kisha nikasikia vilio vya watoto tu. Nikafunga studio, nikaenda kwao.

Kaka yangu alikuwa fundi cherehani wa sare za shule. Mtaa mzima ulimwita Nyuzi: siku za kazi alishika uzi, Jumapili akapiga gitaa kanisani. Amplifaya yake kuukuu ilikuwa nzito kama gunia la saruji, na tuliibeba wawili tukibishana.

"Shika vizuri wewe, hilo si godoro!"

"Kaka, huyu mke wako wa pili apunguze kula."

Nilipofungua studio nikampa kisanduku kinachoiga sauti za amplifaya mbalimbali. Tulirekodi nacho nyimbo za kwaya, hedifoni masikioni, gitaa likatoka safi. Alifurahi, akakipeleka kanisani na mipangilio ileile niliyomwekea, akakichomeka kwenye amplifaya yake.

Studio kisanduku huiga hata spika, maana hatutumii spika ya gitaa pale. Kanisani spika ya kweli ilikuwapo ndani ya amplifaya, kwa hiyo ile ya kuiga ilipaswa kuzimwa. Sikuizima, wala sikumwambia. Gitaa likatoka kama mtu anayeimba chini ya blanketi.

"Mzee Nyuzi, leo umepiga gitaa au umeshona?" mpiga ngoma alimtania. Watu wakacheka, naye akacheka.

Jioni akanipigia simu. "Vidole vimekwisha, mdogo wangu. Cherehani imevimaliza."

Nilikuwa na wateja. Nikamwambia apumzike. Hakupiga tena, si simu si gitaa.

Kwenye msiba shemeji aliniomba nipige gitaa la marehemu siku ya mazishi. Nikaliunganisha sebuleni na kisanduku na amplifaya kama alivyoviacha, na ile sauti ya chini ya blanketi ilikuwa palepale. Nikabonyeza kisanduku, nikazima spika ya kuiga. Sauti ikajaa nyumba. Shemeji alitoka chumbani mbio, akasimama mlangoni. Nikamweleza yote.

"Alikuwa anakaa hapo anakunja na kukunjua vidole," alisema. "Kila siku anamwomba Mungu amrudishie. Kumbe dawa unayo wewe."

Nimeshatubu kwa Mungu, na naamini anasamehe. Kaka ndiye ambaye sikuwahi kumwomba msamaha.

Tulimzika Jumamosi. Mimi na mpiga ngoma tuliibeba amplifaya hadi kanisani, na safari hii hakuna aliyetania. Kabla ya kupiga niliwaambia waumini kwamba vidole vya kaka havikuwa na kosa, kosa lilikuwa langu. Kisha nikapiga. Vidole vyangu ni vizito kuliko vyake, hata hivyo kila sauti ilitoka wazi. Mpiga ngoma aliinamisha kichwa mpaka mwisho. Makaburini mchungaji aliomba, jeneza likashushwa, nikatupa udongo wangu nikampisha shemeji.