Kidevu na Simu Iliyopenda Tabasamu

"Mjomba, kwa nini unasoma yote hayo wakati mwisho wake utabonyeza 'Nakubali' tu?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa na miaka kumi na moja, nimekalia stuli ya wateja, miguu haifiki chini. Mjomba hakuinua macho. Alilamba kidole, akakumbuka kuwa simu haifunuliwi kama daftari, akakifuta kwenye suruali, kisha akasukuma maandishi juu.

"Usinipoteze," alisema. "Niko ukurasa wa kumi na tisa."

Kurasa zilikuwa arobaini na moja. Simu yake ilikuwa imemletea ujumbe kwamba sasisho jipya liko tayari, na kwamba kabla ya kulipokea asome masharti. Kwa watu wengine maneno hayo ni mapambo. Mjomba aliyachukua kama barua iliyoandikwa kwake. "Wamenikumbuka," alisema, akavaa miwani. Alisoma kwa siku tatu, kati ya mteja mmoja na mwingine. Mpaka leo sijakutana na mtu mwingine aliyemaliza masharti ya simu. Mwalimu wetu wa kompyuta hajayamaliza, tulimuuliza. Mimi ndiyo usiseme, hubonyeza kabla sijajua nimeulizwa nini.

Mtaani hakuna aliyemwita Mjomba kwa jina lake. Aliitwa Kidevu, kwa sababu ndilo neno alilowaambia watu kutwa nzima: "Kidevu chini. Chini kidogo. Hapo hapo." Alipiga picha za vitambulisho katika chumba chembamba mkabala na ofisi ya serikali inayovitoa. Ukisimama katikati na kunyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, nimejaribu. Ukuta wa mbele ulipakwa rangi nyeupe kila baada ya miezi mitatu. Kulikuwa na kioo, na chanuo lililofungwa kwa kamba, maana wateja walikuwa na tabia ya kuondoka nalo. Na kulikuwa na koti jeusi la kuazima kwa wanaume waliokuja na fulana. Nusu ya wanaume wa mtaa walikwisha kulivaa. Ukipanga vitambulisho vyao mezani utadhani wote wameajiriwa na benki moja.

Kamera yake ya zamani ilipokufa alinunua simu, akaifunga juu ya miguu mitatu ya ile kamera, akaunganisha na mashine ndogo ya kuchapa picha. Lakini ufundi wake haukuwa kwenye kamera wala kwenye simu. Ulikuwa kwenye hesabu.

Ofisi ilitaka uso mtupu: usio na tabasamu, usionuna, macho wazi. Jaribu kumwambia mtu asiwe na uso wowote uone atakavyokutolea mimacho. Mjomba alikuwa na dawa. Akishakuweka sawa, anakuuliza ghafla, "Saba mara nane?" Uso mzima unaacha kazi zake na kwenda kutafuta jibu. Hapo ndipo anapobonyeza. Kama una kichwa cha hesabu anakupa kumi na saba mara sita. Kwa hiyo mtaa wetu wote, kwenye vitambulisho, ulikuwa unapiga hesabu.

Dirishani pale ofisini palibandikwa orodha ya wapiga picha watano wanaokubalika. Picha za mmoja wao zikirudishwa mara tatu ndani ya mwezi mmoja, jina lake linakatwa kwa kalamu nyekundu mbele ya foleni nzima. Mjomba alikuwa namba moja kwa miaka kumi na minne, na hakuna picha yake hata moja iliyokuwa imerudi. Hakuwa mtu wa kujisifu. Ila kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango, alivuka barabara kwenda kuliangalia jina lake, kama mtu anayemjulia hali mgonjwa.

Basi, siku ya tatu alimaliza ukurasa wa arobaini na moja, akavuta pumzi, akabonyeza "Nakubali." Simu ikazima, ikawaka, ikaanza kumwonyesha vikatuni: msichana mwenye mashavu mekundu anacheka, nyota zinamzunguka kichwani. Mjomba akabonyeza "Ruka."

"Matangazo ya watoto," alisema. "Ya maana nimeshayasoma."

Mteja wa kwanza baada ya hapo alikuwa dereva wa lori, mtu mwenye uso kama mlango uliofungwa kwa ndani. Akavalishwa koti, akaulizwa saba mara nane, akafikiri, akajibu hamsini na sita, akaenda zake na picha kwenye bahasha, ambayo Mjomba kwa mazoea hakuikagua. Baada ya nusu saa alirudi akiwa amefura.

"Mzee Kidevu, umenifanyia nini? Karani anasema nacheka!"

Mjomba akaitoa picha. Kweli bwana, dereva alikuwa anang'aa kama bwana harusi. Hata mikunjo ya paji la uso ilikuwa imemhama.

"Ulicheka," Mjomba alisema.

"Mimi? Mimi sijacheka tangu mafuta yapande!"

"Labda ulipopata jibu."

Dereva akaitazama tena picha. "Nilipopata jibu, sawa, nilifurahi kidogo. Lakini ulikuwa umeshapiga!"

Mjomba alijilaumu mwenyewe. Alidhani kidole chake kimechelewa na macho yake yameanza kumsaliti. Akamwambia dereva aje kesho, wakati huo atakuwa amefuta lenzi.

Alifuta lenzi. Kesho yake asubuhi, kabla ya dereva, aliingia mama muuza mitumba wa kona ya pili, mwanamke mwenye sauti ya kuita wanunuzi kutoka ng'ambo ya barabara na kovu refu shavuni. Yeye alipewa tisa mara kumi na mbili. Alipokabidhiwa picha aliitazama, akaisogeza karibu, akaigeuza kama nguo anayokagua mshono.

"Kidevu, kovu langu liko wapi?"

Mjomba akachungulia. Shavu lilikuwa laini kama sahani.

"Miaka ishirini nalipaka dawa, na wewe umeliondoa kwa mara moja! Kwa nini hukusema una kipaji hiki?" Akacheka mpaka chanuo likatikisika kwenye kamba, akavuka barabara kabla Mjomba hajamzuia.

Karani wa dirishani, dada mmoja aliyezungumza bila kuinua kichwa, siku hiyo alikiinua. Alimtazama mama wa mitumba, akaitazama picha, akamtazama tena.

"Huyu ni mdogo wako?"

"Ni mimi! Mimi niliyependeza!"

"Kapige wewe ambaye hujapendeza," karani alisema, akairudisha picha. Kisha akapaza sauti kuelekea upande wetu, "Mzee Kidevu! Hii ni ya pili! Moja tu na nafungua kalamu nyekundu!"

Foleni yote ikageuka. Mjomba alikuwa amesimama mlangoni, sikuwahi kumwona amekuwa mfupi vile. Aliingia ndani, akaketi, akavaa miwani, akaanza kusoma masharti upya kutoka ukurasa wa kwanza. Nikamuuliza anatafuta nini. "Tabasamu," alisema. "Lazima mahali fulani nilikubali hili." Nilikaa naye hadi akafika ukurasa wa tisa. Kulikuwa na habari za mahakama, za watoto walio chini ya umri, za mabara ambayo simu haitakiwi kupelekwa. Tabasamu hakuna.

Mama wa mitumba ndiye aliyetuokoa, na hakusoma hata mstari mmoja. Alirudi kuchukua mkoba aliousahau, akatukuta tumeinama.

"Mnatafuta nini humo?"

"Chanzo cha tabasamu," Mjomba alimjibu, uso mkavu.

"Si hiyo Uso Bora? Hata simu yangu inayo! Hamkuona vikatuni? Yule binti wa mashavu mekundu? Simu inapiga picha kumi, kabla hujabonyeza na baada ya kubonyeza, halafu inachagua uliyopendeza. Na ngozi inakupigia pasi."

Mjomba akavua miwani taratibu. Siku tatu, kurasa arobaini na moja, na neno lenyewe lilikuwa kwenye vikatuni alivyoviruka. Sijui kama mtu anaweza kuaibishwa na kikatuni, lakini siku hiyo niliona kitu kinachofanana na hilo.

"Inazimwa wapi?" aliuliza.

Swichi haikuwa kwenye kamera. Haikuwa kwenye picha wala kwenye skrini. Mama wa mitumba aliikuta chini ya "Afya na Mapumziko," baada ya kipima hatua. Kabla hajaigusa akasita.

"Kwanza nichapie nakala mbili za ile niliyopendeza."

"Mama, jina langu linakatwa!"

"Na kovu langu linarudi! Kila mtu ana hasara yake hapa."

Akachapiwa. Ndipo akazima. Simu ikauliza: "Una uhakika? Picha zako zinaweza kuonekana za kawaida." Mjomba alisoma maneno hayo kwa sauti, akayarudia, halafu akaanza kucheka peke yake, mabega yanapanda na kushuka.

"Za kawaida! Hiyo ndiyo kazi yangu, jamani! Miaka kumi na minne nawatafutia watu ukawaida!"

Dereva alipofika alikaa kwenye stuli kwa mashaka. "Leo nisipate jibu, sivyo?"

"Pata, usipate, shauri yako. Kidevu chini. Kumi na tisa mara saba?"

"Mzee, nimekuja kupiga picha au kufanya mtihani?" Lakini tayari uso wake ulikuwa umeondoka kwenda kuhesabu, na simu ikalia.

Tulivuka naye barabara, mimi, Mjomba na dereva, kama watu wanaosindikiza kesi. Kalamu nyekundu ilikuwa juu ya meza ya karani, kifuniko kando. Karani akaitazama picha, akamtazama dereva. Dereva akajitahidi kufanana na picha. Muhuri ukashuka, kisha karani akarudisha kifuniko cha kalamu na kuita, "Anayefuata."

Jina lilibaki. Wateja ndio walioanza kununa. Walikuwa wameshasikia habari za mama wa mitumba, na kila aliyekuja alitaka atolewe kovu, kitambi cha kidevu, au miaka. Mjomba aliwapa saba mara nane. Wengine walikwenda kwa namba tatu wa orodha, wakarudishwa, wakaja kwake kichwa chini, pembe hasa aliyoitaka.

Mwaka huu, nikiwa naingia kidato cha mwisho cha sekondari, ofisi nayo imesasishwa. Wameleta kamera yao wenyewe kwenye mkono wa chuma, na orodha imebanduliwa dirishani, zimebaki alama nne za gundi. Nasikia kamera hiyo ina Uso Bora na karani haruhusiwi kuizima. Mama wa mitumba amebadilisha kitambulisho, na kovu sasa limeondolewa kwa muhuri wa serikali.

Wapiga picha wote watano waliitwa kuthibitisha kwamba mpangilio wa zamani umekwisha. Nilimsindikiza Mjomba. Karani yule yule, sasa ana miwani, alimpa kompyuta ndogo ya kushika mkononi. "Bonyeza hapo chini, Mzee Kidevu. Ni utaratibu tu."

Mjomba akatoa miwani yake mfukoni na kuanza kusoma, wima, mbele ya dirisha. Foleni nyuma yetu ikaanza kuguna.

"Mzee, bonyeza tu! Sote tumebonyeza!"

Hakugeuka. Alisoma mpaka mwisho. Maandishi yalipokwisha, kidole chake kiliendelea kusukuma skrini juu, mara mbili, mara tatu, na skrini ikawa inarudi pale pale kwenye kitufe cha kijani. Akabonyeza. Karani akasema ahsante.

Tulipokuwa tunangoja magari yapite, nikashindwa kujizuia. Nikamuuliza tena swali la kwa nini asome yote, neno kwa neno, kama nilivyomuuliza nikiwa mtoto.

Mjomba alikunja miwani, akaitia mfukoni.

"Nilikuwa natafuta pa kubonyeza 'Sikubali,' mjomba," alisema. "Kila mara nadhani wamepaweka mwishoni."