Chupa Niliyoipangusa, na Divai ya Uswisi

Dada yangu, nakuambia hii kwa sababu najua hautanicheka mbele ya watu.

Siku ya kwanza ya kazi, kwenye hoteli moja ya Louisville, hapa Amerika, nilipewa masahani ya kuosha. Divai nilijua moja tu, ile ya Meza ya Bwana, na kanisani kwetu ni juisi. Jioni nilikuwa nasoma Kiingereza. Mwalimu akatufundisha: kavu ni kitu haina maji.

Bon, mimi na familia tukahamia Columbus, kule hoteli ingine ikanipandisha, nikawa mhudumu wa mezani. Siku moja mkubwa wa wahudumu akanituma: "Mama Neema, leta divai nyeupe, kavu." Nikatoa chupa ya kwanza kwenye barafu, nikaipangusa na kitambaa mpaka ikakauka vizuri. Akaonja, akakunja uso.

"Hii ni tamu kama soda."

"Lakini bosi, imekauka. Gusa."

Alicheka mpaka akakaa. Halafu akanielezea: divai kavu ni ile sukari yake imeisha yote wakati wa kuchacha.

Tukahamia Buffalo, tukapata nyumba mtaa wa Black Rock, nikaingia kuhudumia mezani kwenye restora moja upande wa Amherst. Meneja alikuwa mama mkali, na hakupenda kwamba sinywi. "Nani anauzisha kitu hajaonja?" Alikuwa na divai nyeupe ya Uswisi, ya zabibu wanaita shasla. Mteja akiinywa mara moja, hairudii. Akaniambia: "Itafutie chakula cha kuendana nayo, mwisho Ijumaa. Ukishindwa, unarudi kwa masahani." Na mimi nilikuwa nimeapa mbele ya Mungu, pombe haitapita mdomo wangu.

Niliomba, halafu nikanusa, siku tatu. Ile divai inaongea polepole: ndimu kidogo, na harufu ya jiwe lenye kunyeshewa. Pale restora walikuwa wanaipeleka na nyama ya ng'ombe yenye pilipili. Nyama ilikuwa inaimeza. Nikasoma karatasi ya chupa: mizabibu yake iko kando ya ziwa. Donc nikajiuliza, watu wa ziwa wanakula nini? Sisi kwetu Uvira, kando ya ziwa vilevile, tunakaanga ndagala, ni kusema dagaa. Nikaomba mpishi akaange samaki ndogo ndogo ya Ziwa Erie, ziwa la hapa Buffalo, na unga, chumvi, ndimu.

Ijumaa meneja akakula, akakunywa, akarudia kukula.

"Umeonja kwa siri?"

"Hapana, madamu. Mdomo uliapa. Pua haikuapa."

Akacheka, mara ya kwanza nimuone. "Basi, baki mezani." Ile samaki iko kwenye menyu mpaka leo, na ile divai kando yake.

Mwaka huu magoti yamekataa kusimama, nimeacha kazi. Binti yangu ananiuliza kwa Kiingereza kama nina huzuni. Namjibu kwa Kiswahili: hapana. Divai ya sauti ndogo, ipe chakula chenye hakitaifunika. Hata watu ni hivyo, na Mungu ameniweka mahali nilisikika.

Ukikuta dada anaogopa kazi ya mezani kwa sababu ya kiapo chake, mupe hii habari, na yeye apatie mwingine. Mwambie tu, akitumwa divai kavu, kitambaa akiache.