Vidonge vya Mifupa Vilivyoliwa na Kuku

Siku hizi ukiingia duka lolote la dawa hapa Kitengela utakuta wanawake wa umri wangu wamejaa, kila mmoja anataka kopo la vidonge vya mifupa na moyo. Majina yao ninayakumbuka yote, mpaka ya waume zao, lakini wacha nisiwaaibishe. Nitasema yangu.

Kopo langu nililetewa na binti yangu, wakati wa baridi, goti lilipokataa kukunjika.

"Mama, kila asubuhi kimoja. Usiruke siku."

Kidonge chenyewe kilikuwa kinene kama haragwe, na kikifika kooni kinasimama hapo kama mgeni ambaye hajaambiwa karibu. Nilimeza kimoja tu. Na wakati huo kuku wangu walikuwa wakitaga mayai ya ganda laini, ukishika linabonyea. Nikaona ni dhambi kutupa kitu cha mifupa. Kila asubuhi nikasaga kimoja kwa jiwe, nikachanganya na pumba.

Baridi ikaisha, goti likapona lenyewe kama kila mwaka. Binti yangu akaja, akanikuta nimeinama nafagia banda la kuku, kopo liko tupu dirishani.

"Mama! Umemaliza dawa zote?"

"Zimeisha," nikasema. Hapo sikudanganya.

Jumapili akasimama kanisani, akashuhudia kwamba vidonge vimemponya mama yake. Mimi nikainamia Biblia, na kusoma sijui vizuri.

Sasa, jirani yangu ni mama Mmaasai, na tunaitana Pakine, vile Wamaasai wanavyoitana watu waliopeana mbuzi. Mbuzi nilimpa mimi, na wajukuu wake hawajui chai bila maziwa ya huyo mbuzi. Nyonga inamsumbua kuliko goti langu. Siku ya soko nikaambiwa amepita na mbuzi wetu, anaenda Kisaju kumuuza, ndio anunue kopo kama langu.

Niliacha maharagwe motoni. Nikafunga leso, nikakimbia barabara ya murram, vumbi tupu, viatu mkononi, watu wa bodaboda wakinipigia honi.

"Pakine! Simama! Hiyo dawa sikumeza! Ni kuku walikula!"

Akageuka. Akaniangalia miguu, akaniangalia vumbi.

"Umekimbia kutoka kwako mpaka hapa?"

"Nimekimbia."

"Na unaniambia dawa haifanyi kazi?"

"Kweli ya Mungu, goti lilipona tu!"

"Wewe mwanamke, unataka upone peke yako."

Nikamshika mbuzi kamba, nikamvuta nyumbani, na yeye akanifuata akitukana Kimaasai. Nikampa yai. Akaligonga kwenye meza mara tatu kabla halijapasuka. Ndipo akacheka, akacheka mpaka akashindwa kuinuka kwenye kiti, ikabidi nimvute kama mbuzi.

Halafu akachukua simu yangu, akampigia binti yangu, akamwambia yote. Hakuacha hata pumba.

Binti yangu alikuja akiwa amekunja uso. Alitupeleka kwanza kwa nesi, tukapimwa presha, tukaulizwa maswali mengi. Nesi alipokubali, binti yangu akanunua makopo mawili, vidonge vidogo safari hii. Jioni hiyo alituketisha mimi na Pakine jikoni, akatupa maji, akasimama mbele yetu.

"Mezeni. Sasa fungueni mdomo. Inueni ulimi, nione."

Tukainua, wanawake wazima. Nje mbuzi alikuwa analia akamuliwe.