Kibendera cha Mwangangi

Katika mechi za vijana huku Mbooni, Mulwa alijulikana kama refa anayejishtaki mwenyewe. Akikosea Jumamosi hii, Jumamosi inayofuata aliwaita manahodha katikati ya uwanja na kuwaambia watu wote wakisikia, "Ile penalti ya juzi haikuwa penalti. Nilikosea." Wengine walimcheka. Yeye alirudi kwenye michungwa yake akiwa ametulia moyo.

Wenzake hakuwabana hivyo. Mchezaji akimtukana, alimwonya kwa sauti ya chini na mchezo ukaendelea. Aliyemvumilia zaidi ni Mwangangi, jirani yake, ambaye walibatizwa naye siku moja na ambaye kwa miaka mingi alimshikia kibendera pembeni. Mwangangi alikuwa mtu wa kuzubaa. Akipitisha kosa na mashabiki wakaanza kelele, Mulwa aliwaambia, "Filimbi ni yangu. Nilaumuni mimi."

Kwenye fainali ya mwaka jana, vijana wa bondeni walifunga bao la kusawazisha mechi ikikaribia kuisha. Mulwa alipogeuka, kibendera cha Mwangangi kilikuwa juu: mfungaji ameotea. Akapuliza. Bao likakataliwa, na kombe likaenda kwa timu ya mlimani, ambayo kipa wake ni mkwe wa Mwangangi. Wiki hiyo video ikazunguka kwenye simu za watu. Mfungaji hakuwa ameotea hata kidogo. Upande aliosimama Mwangangi haukuonekana.

Kamati ikawaita wote wawili. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu aitwaye Mutie, alianza na Mwangangi.

"Mimi sikuinua kibendera, Mwalimu," Mwangangi alisema, macho kwenye kofia aliyoshika. "Refa alipuliza mwenyewe. Na si mara ya kwanza. Si huwa anawaambia nyinyi wenyewe kwamba hukosea?"

Maneno ambayo Mulwa alikuwa akiyasema kwa moyo safi, miaka yote hiyo, leo yalikuwa yanatumiwa kumzika. Alimtazama Mwangangi, akingoja angalau ainue uso. Hakuinua.

"Mulwa, unasemaje?"

"Kibendera kiliinuliwa, nilikiona. Lakini nilikiamini bila kuangalia mwenyewe mchezaji alikuwa wapi. Hapo nilikosea."

Kamati ilishika hilo la mwisho tu. Mulwa akasimamishwa, na filimbi akapewa Mwangangi.

Nyumbani, mkewe Kalekye hakugusa chakula. "Baba Kavindu, mtu amekuuza hivyo, na wewe unamsaidia?"

"Nimesema langu. Lake atalisema mwenyewe."

Hakulisema. Walikutana kanisani, wakasalimiana kwa mkono, na Mwangangi akaongea habari za mvua. Kisha siku moja alikuja kuazima pampu ya kunyunyizia dawa. Mulwa akamtolea kutoka stoo. Mwangangi aliishika bila kuondoka.

"Ile siku ya kamati," alisema, "watu wangesema nimembeba mkwe wangu. Niliogopa. Halafu nilijua wewe utanisamehe. Mtu mwingine nisingethubutu kumfanyia vile."

Woga, Mulwa angeuelewa. Lakini kumbe alichaguliwa, kama mtu anavyochagua ukuta mfupi wa kuruka.

"Nimekusamehe," alimwambia. "Ila hili la leo limeniuma kuliko lile la kamati."

Mwangangi akaibeba pampu mgongoni, akashuka kwenda kwake.

Jumamosi iliyofuata Mulwa alienda uwanjani, akasimama nyuma ya goli pamoja na mashabiki. Mwangangi akapuliza kona, na kijana mmoja akapaza sauti kwamba refa ni kipofu.

"Hapana," Mulwa akamwambia. "Ameona vizuri. Ilikuwa kona."

Alikaa mpaka mapumziko. Kipindi cha pili hakukisubiri.